Dean Kafa Sawasawa, Tatizo Ni Sam: Maneno ya Wateja Wangu Kuhusu Sizoni ya 15 ya Supernatural

Mugonile wote, na waliotoka Iringa kamwene. Wadogo zangu wa kundi la uandishi asanteni kwa kunialika, sema mmenitisha maana kwenye tangazo mmeandika mhadhara na mimi ni msusi. Nina saluni hapa Kabwe, Mbeya, TV iko ukutani, na mteja wa rasta ndogondogo anakaa masaa sita saba, kwaiyo anaangalia chochote kinachopita na anaongea. Mimi mikono inasuka, masikio yako kazini. Mmeniambia niongelee watazamaji wanasemaje kuhusu sizoni za mwishomwisho za tamthilia za mizuka na mapepo, na nimechagua sizoni ya 15 ya Supernatural kwa sababu hiyo ndo ilinigombanishia wateja mpaka mmoja akaondoka kichwa nusu.

Kwa ambao hamjaangalia nitapita haraka. Ndugu wawili, Sam na Dean Winchester, wanazunguka Marekani na Chevrolet Impala ya 1967 wanawinda mizuka, mashetani, vampaya na kila kinachotembea usiku. Sam ni Jared Padalecki, Dean ni Jensen Ackles. Ilianza Septemba 2005 ikaisha Novemba 19, 2020, sizoni 15, epi 327. Yani mtoto aliyezaliwa inaanza, inakwisha yuko kidato.

Sasa, aliyeitunga, Eric Kripke, alipanga hadithi ya sizoni tano tu. Na kweli sizoni ya tano, Mei 2010, hadithi inafungwa kabisa, Sam akiwa na Lucifer ndani ya mwili wake anajirusha shimoni ili kuokoa dunia, na Kripke akaachia usukani wengine. Afu zikaja sizoni kumi nyingine juu ya hadithi iliyokwisha isha! Kuna wateja wangu waliishia hapo na hawataki kusikia kingine, na siwalaumu, malalamiko yao yana msingi. Wanasema watu wanakufa wanarudi, wanakufa wanarudi. Dean mwisho wa sizoni ya tatu aliburuzwa kuzimu na mbwa wa motoni, saluni nzima ililia, na sizoni ya nne malaika Castiel akamtoa, tukashangilia. Lakini ukirudia mchezo huohuo na Sam, na Castiel mwenyewe, na mama yao aliyekufa tangu epi ya kwanza, inafika mahali mtu anakufa kwenye TV na mteja ananiomba kioo aangalie mistari imenyooka au la. Sisi tuliokulia vibanda umiza tulikuwa tunasema stelingi hafi, lakini picha la zamani lilikuwa la masaa mawili, unavumilia. Miaka kumi na tano ya stelingi hafi ni mingi.

Hapo ndo sizoni ya 15 inapofanya kitu cha akili ambacho wengi hawakukiona. Kuna jamaa anaitwa Chuck, anachezwa na Rob Benedict. Sizoni ya nne alikuja kama mwandishi mlevi wa vitabu vya bei rahisi ambavyo, ajabu, vinaeleza maisha ya Sam na Dean vilevile yalivyo. Wakasema ni nabii. Sizoni ya 11 ikathibitishwa kwamba ndo Mungu wa hadithi hii. Na mwisho wa sizoni ya 14, Aprili 2019, anageuka adui, kwa sababu anataka hadithi iishe anavyotaka yeye, ndugu mmoja amuue mwenzake, maana huo mwisho unampa raha. Yani adui wa sizoni ya mwisho ni mwandishi wa hadithi! Kila ulichowahi kulalamikia, mbona wanateseka hivi, mbona wanarudi, mbona haiishi, jibu ni kwamba Chuck ndo alikuwa anaandika na alikuwa hataki burudani yake iishe.

Hapa Mbeya hilo lilileta shida. Tuna makanisa kila kona, na mama mmoja mzee wa kanisa, nampenda sana ni mteja wa siku nyingi, alisimama na taulo kichwani akasema mwanangu zima hiyo, Mungu gani huyo anapiga gitaa na kuua watoto. Nikamwambia mama, huyu ni Chuck, wameandika mtu mwenye madaraka yote asiye na upendo, hata mimi simsujudii. Hakukubali. Na sio yeye peke yake, kuna vijana pia walisema hawana shida na mashetani ila hapo walivuka mpaka. Mimi nasema maoni yale ni halali kama ya wale wa wigi, nitafika kwenye wigi msijali, maana mtazamaji haji mikono mitupu, anakuja na imani yake. Ila wenzangu wengi walivumilia walipoona mwisho wake, epi ya 19, kijana Jack, mtoto wa Lucifer, ananyonya nguvu zote za Chuck na Chuck anabaki binadamu wa kawaida, atazeeka, ataumwa, atakufa na kusahaulika. Hawakumuua, wamemwacha palepale. Mama mzee wa kanisa hilo hakuliona kwa sababu alikuwa ameshaondoka.

Kuna kundi linasema ingeishia hapohapo epi ya 19. Wamemshinda mwandishi, wako huru, wanaendesha gari, basi. Ni kundi kubwa na ukiwasikiliza unakaribia kushawishika.

Lakini ikaja ya 20. Na mkumbuke mazingira yake, korona ilisimamisha kazi Machi 2020 zikiwa zimebaki epi mbili kurekodiwa, Wamarekani wakakaa kuanzia Machi hadi Oktoba bila epi mpya, wakawa wanajitungia mwisho vichwani. Sisi wa kuwekewa kwenye flashi sizoni nzima kwa mpigo hatukuisikia hiyo njaa. Nadhani ndo maana hasira zao zilikuwa kubwa kuliko zetu. Mtu aliyesubiri miezi saba anadai na riba.

Kwenye epi hiyo Dean anakufa. Hauliwi na shetani mkuu wala na Mungu, ni vampaya wa kawaida wamevaa vinyago kwenye banda, wanapigana, anasukumwa kwenye nguzo yenye nondo imechomoza, inamwingia mgongoni. Nondo! Mtu aliyerudi kutoka kuzimu. Saluni ililipuka, mmoja akasema hata fundi wa Mwanjelwa angemtoa hapo.

Kaka pale nyuma umenyoosha mkono, sema.

(Kijana anasema kifo kile hakikuandaliwa, kimekuja tu.)

Hapana mdogo wangu, kiliandaliwa, rudi epi ya 10 ya sizoni hiyohiyo. Chuck anawanyang'anya bahati ya ustelingi, na ghafla Sam anaumwa mafua, Dean meno yametoboka, kadi ya benki inakataa, gari linazingua. Kwa mara ya kwanza wanaishi kama mimi na wewe. Tulicheka sana ile epi, lakini ilikuwa inatuambia kitu, kwamba kilichokuwa kinawakinga na nondo miaka yote ni kalamu ya Chuck. Najua utasema epi ya 11 walienda Alaska kucheza pulu kwa mungu mke wa bahati wakarudishiwa. Sawa. Ila baada ya epi ya 19 hakuna tena anayewaandikia, na ukitaka uhuru kutoka kwa mwandishi basi na nondo ni zako. Afu Dean akiwa amening'inia pale anamwambia Sam usinirudishe, kila tukirudishana mambo yanaharibika. Miaka 15 hakuna aliyewahi kusema hivyo akasikilizwa! Sam anamchoma moto kama wawindaji wanavyozikana na hamrudishi. Mimi nasema Dean kafa sawasawa, na nitabishana na mtu yeyote humu ndani.

Na mpime na Castiel, epi ya 18. Sizoni ya 14 alifanya makubaliano na ile giza inayomeza malaika waliokufa, amwokoe Jack, na yeye atachukuliwa siku atakayokuwa na furaha ya kweli. Sio siku ya vita, siku ya furaha. Kwaiyo sizoni nzima inayofuata jamaa anaishi anaikwepa furaha. Epi ya 18 Mauti mwenyewe, Billie, anagonga mlango na hawana pa kutokea, Castiel anamwambia Dean anampenda, na kulisema tu ndo furaha yenyewe, giza linakuja linawachukua wote wawili, yeye na Billie. Kuna waliosema upendo wa ndugu, kuna waliosema wa mapenzi, kuna waliotaka tubadilishe chaneli, siku ile sikusuka vizuri. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema kifo kile kimekuja tu. Kinauma lakini kinaeleweka.

Sasa niwaambie nilichokigundua kwa kuwasikiliza, na ndo maana nilikubali kuja. Wateja wakianza kulalamika wanasema Dean, Dean, Dean kafa kijinga. Waache waongee, usiwakatize, baada ya dakika kama kumi hawaongelei Dean tena, wanaongelea Sam. Wanauliza mke wake ni nani? Kwa sababu baada ya Dean kufa Sam anaishi maisha yote, anapata mtoto wa kiume anamwita Dean, anazeeka, anafia kitandani mtoto amemshika mkono, na yote hayo tunapewa kwa dakika chache za mwisho na muziki. Mke anaonekana kwa mbali nyuma, ukungu mtupu, hana sura wala jina. Wanawake wa saluni yangu hilo hawakulisamehe. Kulikuwa na Eileen, mwindaji kiziwi, anachezwa na Shoshannah Stern ambaye ni kiziwi kweli, aliingia sizoni ya 11, akauliwa, akarudishwa sizoni hii ya 15, yeye na Sam wanaongea kwa ishara wanatazamana mpaka mteja wangu mmoja akajifunza ishara mbili tatu. Epi ya 18 Chuck anawafuta watu duniani na Eileen anatoweka nao, epi ya 19 dunia inarudishwa, na epi ya 20 hatajwi hata jina. Dada mmoja alisema, jamani si wangeweka hata picha ukutani? Picha tu!

Kwaiyo wanaosema wamekasirishwa na kifo, mimi naona wamekasirishwa na maisha ambayo hawakuonyeshwa. Umemfuata mtu epi 327, umemwona anakufa mara ngapi, na zamu yake ya kuishi ikifika wanakupitishia mbio kama basi la Tunduma lililojaa. Dean alitaka nini kwenye tamthilia hii tangu mwanzo? Mdogo wake aishi. Basi tuonyesheni huyo mdogo anaishi.

Haya, wigi. Mnacheka, mmesubiri. Sam mzee amevaa wigi la mvi, na dunia nzima imelicheka, na mimi kama fundi naomba niseme kitaalamu. Mvi hazioti kichwa kizima siku moja, zinaanzia panjani, zinapanda, zinaacha nyeusi nyeusi, na mtu wa umri ule nywele za mbele zinapungua, paji linapanda. Lile limekaa zito kama la kijana, rangi moja, na mstari wa mbele unauona. Sidhani ni kosa la msusi wao, kipindi kile cha korona watu walikuwa wanafanya kazi na barakoa na muda umebana. Ila angalieni lilichofanya, pale tulipotakiwa kulia baba anakufa sisi tunaangalia mstari wa wigi. Kama wangetupa epi nzima ya Sam anazeeka taratibu, wigi tungelizoea.

Sizoni za mwisho za tamthilia nyingine zina ugonjwa wake, The Vampire Diaries kwa mfano Nina Dobrev aliondoka mwisho wa sizoni ya sita mwaka 2015 na wao wakaendelea mpaka sizoni ya nane, Machi 2017, hapo malalamiko ni rahisi, stelingi hayupo. Hii ya leo mastelingi wote wapo, ndo maana inachosha kichwa.

Dada wa sweta jekundu, Kyela bila shaka, kwenu joto, baridi ya huku hamjaizoea.

(Anasema wao wanaandika filamu ya Ziwa Ngozi, na mle kuna mtu anachukuliwa na ziwa, anauliza wafanyeje isiwe kama nondo.)

Ngozi vizuri, na zile hadithi za hazina ya Wajerumani wanayosema imefichwa mle, watu watakuja. Sema ziwa lichukue mtu mapema, dakika ya ishirini usisubiri mwisho, afu filamu iliyobaki ikae na mdogo wake aliyerudi Tukuyu peke yake. Anaamka, analima viazi, anaolewa, na mume awe na sura tafadhali. Uoga wa lile ziwa utatujia wenyewe kila akipita mtu anauza samaki.

La mwisho, mama hapa mbele.

(Anasema aliishia sizoni ya tano, hana muda wa sizoni kumi, aangalie nini ili aelewe ya 15.)

Shikamoo mama. Epi ya 18 ya sizoni ya nne utakuwa umeiona, hiyo ndo Chuck anaingia, irudie. Ruka mpaka sizoni ya 11 epi ya 20, Chuck anajitambulisha. Sizoni ya 14 epi ya 8, makubaliano ya Castiel, na epi ya 20 Chuck anageuka. Jack hutamjua vizuri, utauliza huyu mtoto wa nani, ni mtoto wa Lucifer, basi endelea hivyohivyo. Afu ingia 15 moja kwa moja. Na uje Kabwe uniambie Sam ulimwonaje, nitakusuka kwa punguzo ila uongee.