Mwaka 1938 Haukuwa wa Paris na London Peke Yake

Mwenyekiti, walimu wenzangu, ndugu wasikilizaji,

Mlionisikia siku za nyuma mnajua ninakoelekea, na mtaniwia radhi, kwani sitaacha kulisema jambo hili hadi majedwali ya historia ya fasihi tunayowapa wanafunzi yabadilike. Tazameni jinsi mwaka 1938 unavyofundishwa. Mtamkuta Jean-Paul Sartre na riwaya yake La Nausée, mtamkuta George Orwell na kitabu chake cha vita vya Hispania, na mtakumbushwa kwamba Tuzo ya Nobel ilimwendea Pearl Buck wa Marekani. Lagos haimo. Ilhali mwaka huohuo, mjini Lagos, duka la vitabu la wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) lilitoa riwaya ya mwalimu wa shule, Daniel Olorunfemi Fagunwa, iitwayo Ogboju Ode Ninu Igbo Irunmale, ambayo wengi huitaja kuwa riwaya ya kwanza kamili ya Kiyoruba. Najua hapa hapakosi mtu wa kunitajia hadithi ya Kiyoruba ya Isaac Thomas iliyotoka gazetini Lagos kwa mfululizo kati ya 1929 na 1930. Namkubalia kwa moyo mweupe. Basi Lagos imedhulumiwa mara mbili.

Riwaya yenyewe inaanza kwa utulivu mkubwa. Msimulizi amejikalia kitini, anajiwa na mzee asiyemfahamu, wanaamkiana, kisha mzee anamwamuru achukue kalamu na karatasi aandike atakayoambiwa. Mzee huyo ni Akara-ogun, mwindaji aliyezaliwa na mama mchawi, na kuanzia hapo tunaingia naye katika msitu unaokaliwa na majini, tunamwona akipambana na jini Agbako mwenye macho 16, anarudi kwao, anaingia tena, na mwishowe anatumwa na mfalme, pamoja na wawindaji wenzake, hadi mlima wa Langbodo. Mzee anapokuja tena kuendelea na kisa, anakuta wasikilizaji wameongezeka. Uangalieni ufundi huo: Fagunwa hakutosheka kukichukua kisa cha barazani na kukitia kitabuni, bali amewatia kitabuni pia fanani, hadhira yake, na hata karani anayeandika.

Nitaambiwa kwamba hizo ni ngano tu. Haya, na katika La Nausée kuna nini? Kuna bwana mmoja, Roquentin, aliyeketi katika bustani ya mji akautazama mzizi wa mti hadi akashikwa na hofu na kichefuchefu. Mfaransa akitishwa na mzizi mmoja, tunaandika tasnifu za falsafa. Myoruba akitishwa na msitu mzima, tunampeleka kwenye rafu ya hadithi za watoto. Simdharau Sartre, nimemfundisha na nitamfundisha tena, lakini nataka mizani iwe ileile.

Nitaambiwa pia kwamba Fagunwa anahubiri mno. Ni kweli, alikuwa Mkristo wa shule za misheni, na mara kwa mara hukikatiza kisa ili awaase wasomaji wake. Lakini John Bunyan naye alikuwa mhubiri, na Waingereza hawajamfukuza katika fasihi yao kwa sababu hiyo. Na sisi tuliolelewa na Utendi wa Mwana Kupona, ambao ni wasia wa mama kwa bintiye tangu mwanzo hadi mwisho, tumeutoa wapi ujasiri wa kumdharau mwandishi kwa kuwa anausia?

Sababu ya kweli ya kuachwa kwake nje ya majedwali ni lugha. Wayoruba walikuwa wamekwisha kumsoma Fagunwa madarasani kwa miaka mingi, lakini nje ya Nigeria wengi walianza kumtaja pale tu Wole Soyinka alipoitafsiri riwaya hiyo kwa Kiingereza mwaka 1968, Fagunwa mwenyewe akiwa amekwisha kufariki tangu 1963.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Nilikusudia kuwaeleza kwa kirefu habari za shirika la Secker & Warburg la London, ambalo katika mwaka huo mmoja lilitoa Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta, The Black Jacobins cha C.L.R. James kuhusu mapinduzi ya Haiti, na hicho cha Orwell kilichokataliwa na mchapishaji wake wa kawaida, Victor Gollancz. Nitagusa moja tu, kwa ajili ya wanaodai kwamba kitabu kisichouzika ng'ambo hakistahili jedwali: cha Orwell kilichapwa nakala 1,500, na hadi anafariki mwaka 1950 zilikuwa hazijamalizika. Kama hizo zilitosha kumpatia nafasi katika mwaka 1938, basi Lagos nayo iandikwe katika safu hiyohiyo. Mkimaliza hapo, rudini nyuma hadi 1934 mtafute kama Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka huo kwa Kiswahili, kimetajwa popote katika majedwali mnayoyatumia. Swali hilo linahitaji mhadhara wake, na Mwenyekiti ameshasimama.