Injini Kuukuu Inabeba Farasi Wangapi?

Ahsante, mwenyekiti. Swali nililopewa ni fupi: injini ya zamani ikiongezewa nguvu, itabeba farasi wangapi, yaani vipimo vingapi vya nguvu ya injini, kabla haijapasuka? Fundi yeyote atakutajia namba papo hapo. Mimi naomba nianze na injini moja.

Mwaka 1962 BMW waliingiza sokoni gari la 1500: silinda nne, lita moja na nusu, farasi 80. Bloku yake, yaani mwili mkuu wenye silinda, ilikuwa ya chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), ya kawaida kabisa. Miaka ishirini baadaye bloku ya ukoo huohuo ikawa msingi wa injini ya tabo (pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya silinda) ya mbio za Formula 1, na mwaka 1983 Nelson Piquet akatwaa nayo ubingwa wa dunia. Kufikia 1986, kwenye mbio za kufuzu, ilikadiriwa kuvuka farasi 1,000, na ujazo ni uleule wa lita moja na nusu. Ila msishangilie bado. Injini ile ilitakiwa iishi mizunguko michache tu ya uwanja, kisha ifumuliwe. Kwa hiyo anayeuliza farasi wangapi, naye aseme anataka kwa muda gani.

Farasi wenyewe ni hesabu: nguvu ya kuzungusha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, mara kasi ya kuizungusha. Ukiongeza kimoja kati ya hivyo viwili, namba inapanda, lakini vinaumiza sehemu tofauti.

Chukua kasi. Pistoni ikifika juu inasimama, inageuka, inarudishwa chini, na wa kuirudisha ni konrodi, mkono unaoiunganisha na krenki, pamoja na boliti zake. Mzigo huo unapanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Toka mizunguko 6,000 kwa dakika hadi 7,000 umeongeza kasi kwa asilimia 17 hivi, lakini mvuto kwenye konrodi umepanda asilimia 36. Fika 8,000, ni asilimia 78. Boliti yenye umri wa miaka thelathini haitoi taarifa. Ikikatika, konrodi inatokea ubavuni mwa bloku.

Ukifunga tabo, kasi inaweza kubaki ileile, kinachopanda ni shinikizo ndani ya silinda. Hapa adui mkubwa ni kugonga: hewa na petroli iliyobaki pembeni inajiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Unasikia sauti kama kokoto ndani ya kopo. Pistoni za kusubu huvunjika kwenye ule ukingo mwembamba kati ya ringi na ringi. Chomoa plagi uitazame vizuri penye mwanga: ukiona vidoti vya kijivu kwenye kauri nyeupe, hiyo ni alumini ya pistoni yako. Zima gari.

Ndiyo maana namba moja kwa injini zote haipo. Toyota 2JZ-GTE ya mwaka 1991, silinda sita mstari mmoja, lita tatu, ilitangazwa na farasi 280. Watu wanaivusha 600 bila kugusa pistoni wala konrodi, kwa sababu bloku ni ya chuma na krenki imeshikwa na beringi saba. Ford V8 ya inchi za ujazo 302 ni kinyume chake. Bloku yenyewe hupasuka katikati karibu na farasi 500, hivyo ukiinunulia pistoni za kufua, zilizo imara kuliko za kusubu, ukaiacha bloku ileile, umetupa hela. Nissan RB26 za mwanzo zina ugonjwa wa pampu ya oili, nao hauponyeki kwa tabo kubwa.

Na hizo zote ni namba za injini isiyochakaa. Yako ina miaka mingapi barabarani? Pima kompresheni, yaani jinsi silinda inavyobana hewa, silinda moja moja, pima presha ya oili injini ikiwa moto. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, hela ya tabo inunue ringi na beringi kwanza. Giaboksi na klachi sijavigusa. Hivyo tutavikuta kwenye maswali.