Nasikia, Lakini Sielewi: Mhadhara Barazani Amu

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu na vijana. Ahsanteni kwa kuzima feni.

Miaka mingi nimekaa ubavuni mwa injini ya dizeli, nikivusha abiria baina ya Mokowe, kule bara, na kisiwa chetu cha Amu (Lamu). Juzi mjukuu wangu aliniita gatini: "Babu, mama amefika!" Punda wakilia, boti tatu zikinguruma. Nikasikia "amepika", nikashika njia ya nyumbani. Binti yangu akabaki juani na mizigo yake.

Hebu yatamkeni: fika, pika, shika, pita, sita. Irabu ni zilezile, nazo ndizo zenye nguvu. Lakini f, s na sh ni pumzi nyembamba, sauti za juu, na za juu ndizo sikio huzipoteza mwanzo. Ndani ya sikio mna kijumba kilichojikunja kama konokono, chenye seli za vinywele zipatazo 15,000. Zikifa hazioti tena. Zilizo nyingi kazi yake ni kukuza sauti ndogo na kuzipambanua zinazokaribiana. Zikipungua, maneno ya mtu na mngurumo wa injini huingia pamoja, kama wino uliomwagikiwa maji.

Ndiyo maana nyumbani nakuelewa, na pale gatini nikapotea. Watu husema, "Mzee husikia akitaka." Neno hilo linaumiza, na si kweli. Hata kipimo cha kusikiliza milio ndani ya chumba kimya hakiionyeshi shida hii yote. Mwambieni daktari wazi kwamba mnapotea penye watu wengi.

Kifaa cha sikio ninacho, kinanifaa, ila hukuza na kelele pia. Kinachosaidia zaidi ni kusogeleana. Penye uwazi, ukipunguza umbali wetu kwa nusu, sauti yako huniongezekea kwa desibeli 6 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), na injini ni ileile. Usinipigie ukelele kutoka mbali: irabu hupanda, herufi nyembamba zikabaki nyuma. Nijie, niguse bega, niuone mdomo wako. Mama mwenye nikabu asogee zaidi, aseme taratibu. Nisipoelewa mara ya pili, badilisha maneno. Yule mtoto angesema "mama yuko gatini", ningegeuka.

Haya, maswali. Mwenye swali asogee hapa penye taa nimwone, na mmoja mmoja, tafadhalini.