Komba wa Pugu na Vichaka Vyetu

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Ukimuuliza mkazi wa Dar es Salaam wanyamapori wako wapi, atakutajia Mikumi, Serengeti, Ngorongoro. Leo naomba tubaki hapahapa, hata Kibaha tusifike.

Mkipita Gongo la Mboto mkapandisha vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, mnaukuta msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Humo anaishi komba wa Rondo. Si yule komba mkubwa anayewakesha watu kwa kelele, anayesifika kwa kulewa tembo la mnazi. Huyu ana gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku! Wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 1997, wakampa jina la Rondo, kule Lindi. Nje ya Tanzania hayupo, na hata hapa nchini amebaki kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani. Kimoja kingine ni Pande, upande wa Mbezi. Nawaambieni ukweli, mimi jambo hili linanisisimua kila ninapolitaja: kiumbe adimu kiasi hicho, na sisi tunaishi naye jirani.

Sasa sikilizeni anavyoishi. Mchana hulala. Usiku huwinda wadudu, akiruka kutoka shina hadi shina, mara nyingi chinichini, kwenye vichaka na miti midogo. Kwa hiyo unaweza kuacha miti mirefu yote imesimama, ukafyeka chini pakawa peupe, na kwake msitu ukawa umekwisha. Anayekata fito hadhani ameharibu kitu. Mchoma mkaa naye anamaliza vyote viwili, na mkaa huo unapikiwa kwetu, mjini.

Sisi watu wa jiji tuna tabia ya kuona kichaka tukasema pachafu, pafyekwe. Tope la mikoko pale Salenda vilevile: watu wanaziba pua, wanapita. Lakini maji yakipwa, tope lile limejaa kaa na minyoo, na kuna ndege wanaoruka kutoka Ulaya na Asia kuja kula pale miezi ya baridi ya kwao. Uchafu wa kweli ni taka zetu, na zina mnyama wake: kunguru wa Kihindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, akavuka kuja huku, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo. Jalala likiwa wazi, yeye ananenepa.

Tutapokea maswali. Wanaotaka kwenda Pugu waandikishe majina pale mlangoni ili tuombe kibali mapema. Tutaingia jioni, na mwongozaji. Njooni na tochi, ila kioo mkifunike kwa karatasi nyekundu, maana mwanga mweupe unawasumbua komba macho. Na tafadhali, tusitoke njiani tukakanyaga vichaka.