Mnana Hakimbii Mpunga

Mhadhara uliotolewa Wete, Pemba, mbele ya masheha, walimu wa skuli na wakulima wa mabondeni

Assalamu alaykum. Mwenyekiti amenipa nusu saa, na anajua fika kuwa haitanitosha. Walionisikia Konde na Chake Chake wanisamehe, kwani habari hii ya ndege waimbaji, na wanavyotuambia hali ya mito yetu, naianza pale pale pa siku zote: juu ya dungu.

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nikiamia ndege katika bonde la bibi yangu mzaa mama, teo mkononi, mfuko wa vidonge vya udongo begani. Mpunga ukianza kutia maziwa, mnana wanakuja kama walioalikwa harusini. Unapiga kelele, unavurumisha, wanaruka upande huu, wanatua upande ule. Ikifika saa tatu sauti imekauka. Nisiwadanganye, mpaka leo nina kinyongo nao kidogo.

Mwaka mmoja hawakuja. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Mpunga umeinama, mnana hata wa dawa hakuna. Sisi watoto tukashangilia, dungu likawa pa kulala. Bibi hakucheka. Alisimama juu ya tuta, kanga kaifunga kiunoni, akasema, "Mnana hakimbii mpunga. Kuna kitu huko juu." Akanishika mkono, tukakifuata kijito.

Pale penye matete, ambapo mwaka wa nyuma nilihesabu viota kumi na moja vikining'inia juu ya maji, palikuwa peupe. Matete yamefyekwa, ukingo umechimbwa mchanga, na alama za gari la ng'ombe zimeingia mpaka mtoni. Mbele kidogo mtu alikuwa amesuuza bomba la dawa ya wadudu. Povu lingali limenasa kwenye mizizi. Bibi akainama, akageuza jiwe. Hamna kitu. Akageuza la pili. Hamna. "Kereng'ende wako wapi?" akaniuliza, utadhani mimi ndiye niliyewaficha.

Hapa nataka tukae kidogo. Mnana anakula nafaka, kweli, lakini makinda yake huyalisha wadudu. Kinda halikui kwa mpunga mtupu. Na wadudu wengi wa mtoni utoto wao wote ni majini, mabuu chini ya mawe na ndani ya tope, ndipo waote mbawa. Maji yakitiwa sumu mabuu hufa, na mnana akija na mdomo wazi hapati cha kumpelekea mwanawe. Mfyekee na matete, hana tena pa kutundika kiota ambapo nyoka hupata taabu kufika. Atakaa kufanya nini?

Nikiyasema haya kwa jina la bibi, watu hutabasamu. Haya, twendeni Wales, kule Uingereza, huko watabasamuji wana heshima napo. Wana kindege mnene, kifua cheupe, anaingia mtoni na kutembea chini ya maji akipekua mabuu kwenye mawe. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliona kwamba kwenye mito iliyoingia tindikali, kwa mvua iliyochafuliwa na moshi wa viwanda, kindege huyu amepungua, na waliobaki wanachelewa kutaga. Maji yenyewe ukiyatazama ni maangavu, ungeyanywa. Waingereza walikuwa wakihesabu ndege wa kando ya mito tangu 1974, mwaka hadi mwaka. Bibi alikuwa na jicho; hakuwa na daftari. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo ninayoililia.

Ofisa mmoja, simtaji, aliniambia kuhesabu ndege ni kazi ya watalii, maji yana mashine zake. Sawa, mashine ninazitaka, nipeni hata leo! Lakini chupa unayochota asubuhi inasema maji ya asubuhi ile. Mito yetu ya Pemba ni mifupi; sumu ya jana usiku alfajiri imeshafika baharini. Ndege yuko pale msimu mzima. Hawezi kukwambia ni sumu gani, hilo nalikubali. Anakwambia ni kijito gani upeleke chupa.

Wa pili ataniuliza, na namwona mwalimu pale keshainua kidole: mbona chozi wa Pemba, ambaye duniani kote hapatikani ila hapa kwetu, yuko kila mahali, hata kwenye mikarafuu kavu? Ndiyo maana sikutegemea yeye peke yake. Ndege asiyehitaji mto hatakupa habari za mto. Mtazame anayelala, anayelisha na anayetaga pale pale ukingoni. Na kunguru mhesabuni pia. Mnacheka? Kitaalamu kunguru yumo katika kundi la ndege waimbaji. Tetere na sauti yake yote ile hayumo! Yule kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka, akala na mayai na makinda ya wenzake. Ukikuta viota vitupu, usiusingizie mto kabla hujatazama juu ya mti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka haraka. Alfajiri, mkishasali, simameni mahali palepale, dakika kumi. Mmoja asikilize, mmoja aandike. Pointi nyingine mbali na mto, mpate cha kulinganisha. Miezi ileile kila mwaka, maana mbayuwayu wa Januari ni wageni kutoka Ulaya, na Juni hamtawaona. Msije mkaandika wamekufa. Siku ya mvua kubwa msihesabu. Habari ya kurekodi sauti kwa simu, na ya msitu wa Ngezi, nilikuwa nayo ndefu, lakini adhana hiyo.

Jumamosi nitakuwa kwenye daraja la bonde letu saa kumi na mbili asubuhi. Nataka watu wawili tu, mmoja awe mkulima. Njooni na penseli. Wino wa kalamu nyingine unayeyuka kwa umande.