Chuma Hakiogopi Kasi, Kinaogopa Mshtuko

Hamjambo nyote, waendesha pikipiki wenzangu. Asanteni kwa kuja, maana Jumapili asubuhi kama hii barabara ya Magadi iko wazi na nyinyi mmekubali kukaa kwenye viti vya plastiki.

Injini ya pikipiki ya mbio ya cc 600 (ujazo wa injini) imeundwa kuzunguka mara 14,000 kwa dakika na zaidi. Ikiwa na joto la kutosha, oili nzuri na hewa safi, itafika huko kila wiki na isikudai kitu. Kinachoiua ni mshtuko: mafuta kufunguliwa ghafla ikiwa baridi, gia kuingia nusu, cheni iliyolegea kuvutwa kwa nguvu. Kwa hiyo sikuja kuwaambia mwende polepole. Kasi kamili ipeleke kwenye uwanja wa mbio, lakini popote uendapo, mkono uwe laini.

Tuanze na joto. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi huwa baridi kweli. Ukiwasha, geji ya maji itapanda hadi nyuzi 80 baada ya dakika chache, na hapo ndipo watu hudanganyika. Oili huchelewa nyuma ya maji, na bado ni nzito. Usiiache pikipiki ikinguruma kwenye stendi. Washa, vaa glavu, ondoka, kaa chini ya mizunguko 5,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika kumi hivi. Ukiingia Southern Bypass kutokea Mombasa Road, fika Lang'ata kwanza kabla ya kuomba nguvu. Tairi nazo zinahitaji muda huohuo, na presha pimeni zikiwa baridi. Pikipiki nyingi za aina hii huandikiwa psi 36 mbele na 42 nyuma kwa barabara. Kibandiko kilicho kwenye pikipiki yako ndicho cha kufuata.

Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2. Klachi yetu inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano. Ukiimwaga humo, siku moja utakuwa gia ya juu ukipanda Limuru, utafungua mafuta, mizunguko itapanda na kasi itabaki palepale. Hapo klachi inateleza.

Sasa gia, na hapa nitakawia kidogo. Ndani ya giaboksi, gia hushikana kwa vijino vya pembeni vinavyoingia kwenye matundu ya jirani yake. Ukikanyaga leva kwa woga, vijino vinagusana ncha kwa ncha na kulika kidogo. Baada ya miezi, gia ya pili inaanza kuruka ukiivuta kwa nguvu, na dawa yake ni kupasua injini nzima. Kwa hiyo: weka shinikizo dogo kwenye leva kwanza, punguza mafuta kidogo, maliza mwendo wa leva hadi mwisho, kisha ondoa mguu. Ondoa kabisa! Mguu unaolala juu ya leva husukuma uma wa gia ndani, yaani kile chuma kinachosogeza gia, na uma huo hulika au kupinda.

Kushuka gia ni hatari zaidi. Tuseme uwiano wa gia ya tatu ni 1.67 na wa gia ya pili ni 2.00. Uko mizunguko 13,000 ukiwa ya tatu, unashusha ya pili na kuachia klachi: injini inalazimishwa kufika karibu 15,600. Kile kizuizi cha mizunguko hakitakuokoa, kwa sababu kazi yake ni kukata mafuta au moto wa plagi tu, na hapa anayeisukuma injini ni tairi la nyuma. Springi za valvu zinashindwa kuzirudisha valvu kwa wakati, na pistoni inazikuta njiani. Punguza kasi kwa breki kwanza, kisha shusha gia moja moja, ukigusa mafuta kidogo kila mara kabla ya kuachia klachi.

Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu zake, na maji kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachozuia radieta isichemke kwenye msongamano ni presha inayoshikiliwa na kifuniko chake. Springi ya kifuniko ikichoka, utaona maji yakitapika kwenye chupa ya akiba ilhali feni inafanya kazi vizuri. Badilisha kifuniko kabla hujamlaumu fundi.

Vumbi. Fungua boksi la chujio la hewa, pitisha kidole upande wa ndani, ule unaoelekea injini. Ukihisi chembe, mpira wa kuziba unavuja, na mchanga huo unakwaruza silinda. Safisha, paka grisi nyembamba kwenye mdomo wa mpira, funga.

Matuta hayahitaji maneno mengi: funga breki kabla ya tuta, iachie kabla gurudumu halijaligusa, simama kidogo kwenye vikanyagio. Ukilipanda breki ikiwa imeshikwa, foki (shokabzoba za mbele) imeshajibana na pigo lote linaishia kwenye rimu na beringi za usukani.

Naona mkono kule nyuma. Swali ni cheni: ikazwe kiasi gani?

Kwa pikipiki nyingi za barabara, ulegevu wa milimita 25 hadi 35 katikati ya cheni, chini. Zungusha gurudumu, tafuta sehemu iliyokaza zaidi, pima hapo. Nyuma ikibonyea hadi sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma unaoshika gurudumu na ekseli vinyooke mstari mmoja, cheni hukaza kuliko wakati mwingine wowote. Ikiwa uliikaza sana ukiwa kwenye stendi, tuta la kwanza litavuta beringi ya shafti ya giaboksi. Na usafi: mafuta ya taa na brashi laini. Petroli inaharibu vile vipete vya mpira vilivyo kwenye viungo vya cheni, na mashine ya presha ya pale kwa kuosha magari inasukuma maji ndani yake na kutoa grisi ya kiwandani. Paka mafuta ya cheni ukishafika nyumbani, ikiwa bado ina joto, ili yapate usiku mzima wa kupenya.

Wa pili? Ndiyo, dada, wewe mwenye helmeti nyekundu.