Chumba cheupe kinagoma kuunga? Tengeneza kiolezo

Habari yako mtazamaji, karibu. Leo nipo Mji Mkongwe, Unguja, kwenye chumba cha wageni ambacho kuta na dari vyote ni chokaa. Kwa macho kinapendeza, lakini kwa programu ya kuunga picha nyingi ziwe picha moja ya chumba kizima ni balaa: inatafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha, na ukuta mtupu hauna alama. Dawa yake ni kiolezo, yaani faili linalokumbuka kila picha inakaa wapi.

Tazama kichwa hiki cha panorama, kifaa kinachokaa juu ya tripodi na kuizungusha kamera. Nikikizungusha, tak. Tena, tak. Kila mlio ni nyuzi 60, leo na hata mwezi ujao. Programu ikishazijua pembe hizo mara moja, haina haja ya kuzitafuta upya.

Kwanza tafuta mahali pa kamera kwenye reli, ile sehemu ya kichwa inayoisogeza kamera mbele na nyuma. Simamisha mpini wa ufagio karibu na lenzi, uulinganishe na fremu ya dirisha kule mbali. Zungusha kamera kushoto, kisha kulia. Mpini ukiachana na fremu, sogeza kamera mbele au nyuma kidogo, ujaribu tena, mpaka visiachane. Soma namba kwenye reli uiandike. Mimi nimeiandika kwenye selotepu na kuibandika palepale, kwa sababu kichwani haikai.

Sasa, kiolezo usikitengenezee humu. Nenda sebule iliyojaa vitu: mkeka wa rangi, kabati la vyombo, kalenda ukutani. Vurugu zote hizo ndizo alama zenyewe. Natumia lenzi ya jicho la samaki, inayoona eneo pana sana, ya milimita 15 kwenye kamera ya fremu nzima, kamera imesimama wima. Mwanga, rangi na fokasi nimeweka kwa mkono. Piga sita kuzunguka, ya saba elekeza juu darini. Na tafadhali, zima ile kazi ya kamera kugeuza picha yenyewe. Ukiielekeza juu, kamera haijui wima ni upi. Leo itaigeuza, kesho haitaigeuza, na kiolezo kitavurugika.

Fungua Hugin, programu ya kuunga picha, ambayo ni ya bure. Ingiza picha saba, itafute alama, iboreshe nafasi pamoja na vipimo vya lenzi. Futa alama zilizokaa vibaya, hasa zilizoshika feni inayozunguka au pazia linalopepea, kisha boresha tena. Ukiridhika, hifadhi mradi kwa jina utakalolikumbuka. Faili hilo la pto ndilo kiolezo chako.

Haya, turudi kwenye chumba cheupe. Reli ile ile, lenzi ile ile, mzunguko wa upande ule ule. Ukuta wa kuanzia chagua wowote. Hata tripodi ikiinama kidogo picha zitaungana, ila chumba kitalala upande. Utakinyoosha baadaye kwa kufuata fremu ya mlango.

Ingiza picha mpya, nenda menyu ya faili, chagua kutumia kiolezo, fungua lile faili. Umeona? Zimekaa. Usiiambie iboreshe nafasi tena. Alama mbili tatu za uongo ukutani zinatosha kuirusha picha nzima.

Idadi na mpangilio lazima vilingane. Siku moja nilianza na picha ya dari badala ya kumalizia nayo, nikatumia kiolezo bila kuangalia. Feni ikaota mlangoni! Nilipoishusha ile picha hadi mwisho wa orodha, kisha nikatumia kiolezo tena, feni ikarudi juu.

Kabla ya kutoa picha ya mwisho, kuza pale ukuta unapokutana na dari, ufuate mstari huo chumba kizima. Ukikatika mahali pamoja tu, huenda kamera iliguswa wakati wa kupiga. Ukikatika kila kiungo, rudi kasome ile selotepu.